Aliyetandika Vijiko

Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa kimoja baada ya kingine, kuanzia kile kidogo hadi gumba, na aliyevivunja hakuwa na haraka. Inspekta Tak Mal-suk aliinama juu ya meza ya chuma akavitazama bila kuvigusa. Marehemu Bong Yeong-sik alikuwa fundi cherehani. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa ameshona suruali na makoti huko San Paulo, Brazili, na sasa alilala uchi katika mochwari ya Busan, mji aliozaliwa, uso umevimba hadi pua imepotea.

"Bomba la chuma," daktari alisema. "Mbavu za upande huu zote, taya, halafu hapa nyuma ya sikio. Hili la nyuma ya sikio ndilo lililomuua. Mengine yote yalikuwa ya kumnyamazisha, au ya kumfurahisha mpigaji."

"Na hili?" Tak alionyesha shavu la kushoto. Ngozi ilikuwa imebanduka, na pembeni mwa kidonda ilikuwa nyeupe na ngumu, kama ya mtu aliyeungua.

"Barafu. Alilazwa juu ya barafu akiwa hai, shavu likagandia. Walipomwinua, ngozi ikabaki huko."

Sajini Gu Bon-cheol alikuwa amesimama mlangoni, maana kazi yote hiyo ya upolisi haikuwahi kumzoesha maiti. Alikuwa na kitambi cha heshima na alikaribia kustaafu. Kwa umri alimzidi Tak sana; kwa cheo alikuwa chini yake. Jambo hilo wote wawili walikuwa wamelimaliza kwa utani.

"Afande, huu ni mji wa samaki," alisema. "Kila kichochoro kina barafu. Tutailamba yote?"

"Utailamba wewe, mzee Gu. Ulimi mrefu si unao?"

Gu alicheka, lakini si sana. Kulikuwa na jambo lililowakaba wote wawili. Bong alikuwa amekuja Busan na binti yake, Mira. Jana mchana, wavuvi wakiwa bado hawajaiona maiti ya baba iliyotupwa chini ya ukuta wa bahari, wanaume wawili waliingia katika chumba cha binti hotelini. Mhudumu aliyekwenda kubadilisha mashuka alikuta kiatu kimoja, damu juu ya zulia, na jino la mbele chini ya meza. Mira mwenyewe hakuwepo. Maiti ingeweza kungoja. Mira asingeweza.

Garini, Gu aliendesha huku akitafuna peremende ya tangawizi ili kuitoa harufu ya mochwari puani.

"Nieleze tena hiyo kodi," alisema. "Polepole, kama unamweleza mjomba wako mlevi."

"Mzee Bong alihama nchi zamani, kwa hiyo kikodi yeye si mkaazi. Kauza shamba la marehemu mama yake kule Gimhae, mnunuzi ni kampuni. Asiye mkaazi akiuza ardhi, mnunuzi anamkata kodi kabla hajampa hela, na anaipeleka serikalini mwenyewe. Maana mwenye shamba akishapanda ndege, nani atamfuata Brazili?"

"Sawa. Kakatwa."

"Kakatwa kwa makadirio. Ikipigwa hesabu kamili, kodi yake ya kweli ni ndogo, na kilichozidi anarudishiwa. Ila yeye hayupo. Lazima awe na wakala hapa nchini wa kumjazia fomu na kupokea marejesho kwa niaba yake."

"Wakala akishapokea, anaagiza kitimoto na bia."

"Na anampigia simu San Paulo kumwambia serikali imekataa. Wateja wake wote ni wazee wa mbali. Wengine Los Anjelesi, wengine Osaka, wengine Almaty. Nani atapanda ndege kuja kuuliza? Mzee Bong ndiye aliyepanda. Akaenda ofisi ya kodi, wakamwambia marejesho yako yalitoka mwaka juzi. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa wakala, kamwacha binti hotelini."

"Peke yake?"

"Na hasira zake. Binti alijua alikokwenda baba, ndiyo maana wakamfuata."

Gu alitema peremende dirishani. "Mimi nimezoea mwizi mwenye kisu," alisema. "Huyu anayekuibia ukiwa Brazili, tena amevaa tai, ananitia kichefuchefu."

Ofisi ya wakala ilijiita Nyumbani. Ilikuwa ghorofa ya tatu mtaa wa Nampo, juu ya kliniki ya meno, na ukutani mwake palibandikwa picha za wazee wakitabasamu mbele ya mashamba waliyoyauza. Tak aliingia wa kwanza na kitambulisho mkononi. Gu alimfuata, na nyuma ya Gu makonstebo wawili.

Nyuma ya meza kubwa alikaa mwanamume wa miaka karibu sitini, nywele zimetiwa rangi, tai nyekundu, kibao cha jina mbele yake: Eom Chi-yeol, Mkurugenzi. Kwenye kochi vijana watatu wenye shingo nene walikuwa wakitazama ngumi kwenye simu. Pembeni, karibu na mashine ya kahawa, mtu mwembamba mwenye sweta la kijivu alikuwa akifuta funguo za gari kwa kitambaa.

"Bwana Eom," Tak alisema, "Bong Yeong-sik amekufa. Binti yake yuko wapi?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Yule wa sweta la kijivu akakohoa, mara moja tu, kama mtu aliyekwamwa na punje ya wali, na vijana watatu wakainuka kwa pamoja.

Wa kwanza alinyakua mtungi wa kuzimia moto akamtwanga nao Gu begani. Gu alianguka juu ya meza ya kahawa, kioo kikapasuka chini ya tumbo lake. Wa pili alimjia Tak na kisu kifupi cha kufungulia maboksi. Tak hakurudi nyuma. Alimpiga kirungu kwenye kifundo cha mkono, akausikia mfupa ukikatika, kisha akampiga cha pili kwenye goti kabla kisu hakijafika sakafuni. Kijana alilia kwa sauti nyembamba isiyolingana na shingo yake. Wa tatu alikuwa amemkaba konstebo mmoja koo na kumgongesha kichwa ukutani, picha za wazee zikianguka moja moja, hadi Gu alipoinuka na vipande vya kioo vimemganda shatini, akamshika nywele, akamshindilia uso kwenye ukingo wa meza ya mkurugenzi. Meno yalitawanyika juu ya kibao cha jina.

"Acheni!" Eom alipiga kelele. "Acheni, nimesema!"

Hakuna aliyeacha. Yule wa mtungi alikuwa ameuinua tena. Mtu wa sweta la kijivu, aliyekuwa amechuchumaa chini ya mashine ya kahawa na mikono kichwani, akakohoa tena. Mtungi ukashuka. Kijana akanyoosha mikono afungwe pingu, mtiifu kama mwanafunzi.

Tak aliuona ule utiifu akaudharau. Baadaye alijilaumu.

"Wewe nani?" alimuuliza wa sweta.

"Seok Du-han, dada. Dereva tu mimi. Namwendesha bosi." Alikuwa na miaka thelathini na tisa, sauti laini, na hata tone la damu halikumgusa.

Kituoni, Eom Chi-yeol alikiri kabla hajaulizwa.

"Ni mimi," alisema, akitazama katikati ya meza. "Nilimuua mimi. Hela zake nilikula mimi, na za wengine pia. Ofisi yangu, muhuri wangu, akaunti yangu. Andikeni nitie saini."

"Asante," Gu alisema. Bega lake lilikuwa limefungwa bendeji na alikuwa na hasira. "Ningependa na wengine wawe na adabu kama yako."

Tak hakuandika. "Ulimpiga na nini?"

"Bomba."

"Wapi?"

"Kichwani. Mbavuni. Sikumbuki, nilikuwa nimelewa."

"Vidole?"

"Vidole gani?"

"Ulimlaza wapi ukimpiga?"

"Sakafuni. Pale pale ofisini."

"Binti yake umemweka wapi?"

Mara ya kwanza Eom aliinua macho, na yalikuwa mekundu. "Binti sijui. Niandikieni baba. Binti simjui."

Nje ya mlango Tak aliegemea ukuta. Zulia la ofisi ya Nyumbani lilikuwa jeupe na safi kabla ya Gu na vioo vyake. Na barafu Eom hakuitaja, maana hakuijua. Aliyekuwa anakiri hakuwepo wakati Bong anauawa.

"Anadanganya," alisema.

"Hakuna mtu anayejisingizia maiti, afande."

"Analipwa. Au anaogopa. Huyu hajui Mira alipo, mzee Gu. Ukimvunja mifupa yote, tutabaki na mifupa tu. Kuna mtu anajua, na bado hatujamuuliza."

Waliwauliza vijana wa shingo nene. Yule wa kifundo alitukana mama za polisi wote wa Busan hadi daktari akamchoma sindano ya usingizi. Yule wa meno hakuweza kusema hata angetaka. Wa mtungi alisema jina lake tu. Dereva alisema bosi ni mtu mkali, humtukana asubuhi na jioni, na yeye ana mama mgonjwa. Saa za mchana zilifika. Sheria inasema mtuhumiwa ale, na Gu, ambaye kwa chakula aliiheshimu sheria, alikuwa ameshaagiza supu ya nguruwe na wali kutoka mgahawa wa ng'ambo ya barabara.

Vyumba vya mahojiano vilikuwa vimejaa, kwa hiyo wote wanne waliketi kwenye meza moja ndefu katika ofisi ya wapelelezi: Eom na Seok upande mmoja, Tak na Gu upande wa pili, konstebo mlangoni. Pingu zilifunguliwa. Kijana wa mgahawa aliweka mabakuli, kabichi kali ya kimchi, vitunguu saumu, chupa ya maji, na bilauri ya vijiko na vijiti vya chuma, akaondoka.

Tak alikuwa akimfikiria Mira na jino lake. Aliichukua chumvi bila kuitazama. Ndipo akaona mikono ya Eom.

Mkurugenzi alivuta karatasi ya kufutia mdomo, akaikunja mara mbili, akailaza mbele ya dereva. Juu yake akapanga kijiko, kisha vijiti, vimenyooka. Akachukua chupa akammiminia dereva maji kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Halafu akajitandikia vyake haraka haraka, bila karatasi, akaweka mikono mapajani, akangoja. Supu ilikuwa ikitoa mvuke usoni pake. Seok alichota, akapuliza, akanywa. Hapo ndipo Eom aliposhika kijiko.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona, hata wao wenyewe. Mezani mdogo ndiye anayetandika vijiko na kumimina maji, na hakuna anayegusa chakula kabla mkubwa hajaanza. Jambo hilo mtu wa Busan huanza kulifanya angali ananyonya, na hulifanya hadi kaburini. Hahitaji kulifikiria, na ndiyo maana hawezi kulificha. Eom alikuwa mzee, tena alikuwa bosi. Seok angeweza kuwa mwanawe, tena alikuwa dereva.

Tak aliweka kijiko chini.

"Bwana Eom. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na nane."

"Na wewe, dereva, una thelathini na tisa. Huyu mzee ndiye anayekulipa mshahara?"

"Ndiyo, dada."

"Na anakutandikia vijiko?"

Gu alikuwa na kipande cha nyama mdomoni na aliacha kukitafuna. Alimtazama Eom, akatazama karatasi iliyokunjwa mbele ya Seok, na tabasamu likamjia taratibu.

"Kumbe," alisema. "Na mimi natafuta kazi ya udereva ya namna hiyo. Bosi ananimiminia maji kwa mikono miwili, anangoja nishibe. Afande, huyu si mkurugenzi. Huyu ni bosi wa suruali."

Neno hilo la mtaani kila mtu mle ndani alilijua. Bosi wa suruali ni mtu aliyekodisha jina lake: jina lake ndilo liko mlangoni, kwenye muhuri na kwenye akaunti, na kikinuka anakwenda jela yeye. Anayekula anakaa pembeni akifuta funguo za gari.

Eom aliitazama mikono yake kana kwamba imemtukana. "Afande," alianza, "mimi..."

Seok alikohoa.

Safari hii Tak alielewa kikohozi kile, lakini Seok alikuwa ameshanyanyua mkono. Kijiti cha chuma kilikuwa ngumini mwake, na kililenga jicho la Eom. Mzee aligeuza kichwa. Kijiti kikaingia shavuni kikatokea mdomoni, kikagonga meno. Seok alikichomoa akakiinua tena, bado kimya, uso wake mtulivu kama wa mtu anayetoboa mkanda. Tak alimmwagia bakuli zima la supu usoni. Ndipo alipotoa sauti. Gu aliruka juu ya meza, kitambi na vyote, wakaenda chini pamoja na kiti, na konstebo akaja kumkalia Seok miguu. Gu alimpiga ngumi, akampiga tena, na angeendelea kama Tak hangemshika mkono mzima.

"Anatosha. Mdomo wake nauhitaji."

Seok alilala kwenye wali na damu ya mtu mwingine, ngozi ya uso imeiva, akacheka. Ile sauti laini ya udereva ilikuwa imekwisha.

"Nipige, mama. Piga mpaka uchoke. Kuna kijana wangu anangoja simu yangu. Jua likizama sijampigia, anajua la kufanya, na yule binti mtamwokota kwa beseni. Mimi sijasaini kitu. Sina ofisi, sina akaunti, sina hata gari. Mimi dereva tu. Sasa nipeni simu na mnifungulie mlango, tuagane vizuri."

"Mfungie chini," Tak alimwambia konstebo. "Simu yake usiiguse."

Eom alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, taulo shavuni, damu ikimtiririka ndani ya ukosi hadi kwenye tai. Tak alipiga magoti mbele yake.

"Mzee Eom," alisema. Siku nzima alikuwa amemwita bwana. Mzee aliposikia, akaanza kulia.

"Nilikuwa na kiwanda cha viatu," alisema kupitia taulo, maneno yakitoka na damu. "Kikafa. Madeni yakanila mimi na mke wangu. Huyu kijana akaja, akasema nipe jina lako tu, kaa mezani, vaa tai. Kikinuka utafungwa kidogo, makosa ya kodi tu, mkeo nitamtunza. Jana usiku akanipigia, akasema sasa umeua mtu. Nikasema sawa. Mtu akishauza jina, afande, atasema nini tena?"

"Atasema alipo Mira."

"Sijui. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Tak alimwamini. Alifikiri haraka. Seok alijivunia kwamba hana kitu kwa jina lake. Basi vitu vyake viko kwa jina la nani?

"Mzee, ofisi ni jina lako. Gari?"

"Langu."

"Simu zake?"

"Zangu. Hana hata kijiko kwa jina lake. Kila kitu nagonga muhuri mimi."

"Barafu je? Kuna barafu yoyote kwa jina lako?"

Eom aliacha kulia. Aliondoa taulo, na tundu la shavuni likaonekana, jeusi.

"Kiwanda," alisema. "Yeongdo, nyuma ya gati wanapokwangua meli kutu. Kiwanda kidogo cha barafu, cha zamani. Nilikigongea muhuri majira ya kuchipua. Akaniambia ni ghala tu. Bili ya umeme inakuja kwangu na ni kubwa mno kwa ghala. Sikuuliza." Alimshika Tak mkono. "Sikuuliza, afande."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa bahari walipofika. Mafundi wa gati walikuwa wakigonga matumbo ya meli kwa nyundo, na kelele hizo ziliwasaidia. Gu alivunja kufuli kwa nondo. Ndani kulikuwa na giza na unyevu, mashine moja tu ikinguruma, na mabonge ya barafu yenye urefu wa mtu yakiwa yamepangwa ukutani. Bonge moja, chini, lilikuwa na rangi ya waridi, na juu yake palikuwa na kipande cha ngozi. Gu alikiona akageuza uso.

"Mira!" Tak aliita.

Aliyejibu hakuwa Mira. Mwanamume mnene mwenye aproni ya plastiki alitoka nyuma ya mashine ya kusagia barafu, mkononi ndoano ndefu ya kuvutia mabonge. Gu ndiye aliyekuwa karibu. Ndoano ilimwingia chini ya lile bega lililofungwa bendeji, na yule mtu akamvuta nayo kama anavyovuta barafu, Gu akiteleza kwa magoti juu ya sakafu ya maji na kupiga mayowe.

Tak alifyatua bastola. Mlio ulizunguka kuta. Mnene hakushtuka hata kidogo.

"Ya kwanza ni ya mlio tu, mama," alisema, akimng'oa Gu kwenye ndoano na kumsukuma kando. "Polisi wote mnaweka baruti tupu mwanzoni. Nimeshapigiwa mimi."

Alikuja. Ndoano ilikuwa juu ya kichwa chake, ikidondoka.

"Ndiyo maana kuna ya pili," Tak alisema, akampiga risasi ya goti.

Alianguka mzimamzima. Hata chini aliendelea kuizungusha ndoano, ikamchana Tak shavu la mguu, hadi Tak alipomkanyaga mkono kwa kisigino na kuukandamiza sakafuni. Gu, uso umekuwa majivu, alitambaa na pingu katika mkono wake mzima akamfunga.

"Nenda," Gu alisema. "Mimi sifi leo. Sijala supu yangu."

Mira alikuwa nyuma kabisa, katika chumba cha kugandishia, amefungwa mikono na miguu kwa kamba za plastiki na kulazwa kati ya mabonge mawili. Miguu yake mitupu ilikuwa imepauka, nywele zimeganda juu ya paji la uso. Tak aliweka sikio mdomoni mwake. Kwa muda hakusikia kitu ila mashine. Kisha pumzi ikaja, nyembamba, na Tak, aliyekuwa hajalia tangu alipofiwa na mumewe, akalia kwa sauti huku akizikata kamba.

Jioni hospitalini walisema vidole viwili vya mguu huenda vikakatwa, mengine yatapona. Gu alikuwa amelazwa chumba cha pili na tayari amegombana na muuguzi kuhusu chakula. Tak, mguu umeshonwa, alikaa kando ya kitanda cha Mira. Mezani palikuwa na uji wa mchele, bakuli lenye mfuniko na vijiko viwili.

Mira alikuwa macho. Mahali pa lile jino palikuwa na pengo. Alizaliwa Brazili, na Kikorea chake kilikuwa cha Busan ya zamani, kile cha mabibi wa sokoni, kama baba yake alivyoondoka nacho.

"Kula, Mira," Tak alisema. "Daktari kasema upate kitu cha moto."

"Baadaye, dada. Namsubiri baba."

Tak alilisogeza bakuli karibu naye.

"Nyumbani kwetu hatuanzi kabla yake," Mira alisema, akijaribu kutabasamu na pengo lake. "Wenzangu kule wananicheka. Chakula kinapoa, sisi tumekaa tu, tunamngoja amalize kuzima cherehani. Anajua nipo hapa? Kule kwa wakala walimwelewa? Alikuwa amekasirika sana."

Tak alikuwa ametoa habari za vifo mara nyingi, na alikuwa na maneno ya kazi kwa ajili hiyo. Aliyaacha.

"Baba yako amefariki," alisema. "Waliokuchukua wewe ndio waliomuua. Nimemwona mimi mwenyewe asubuhi. Tumewakamata, lakini yeye sikumuwahi, na nasikitika kutoka moyoni."

Mira alitazama mfuniko wa bakuli. Mkono wake ulipapasa meza, ukakipata kijiko, ukakishika bila kukiinua, na ukabaki hivyo hivyo. Nje muuguzi alipita na toroli. Uji ulikuwa unapoa.

Tak aliuondoa mfuniko. Alichukua kijiko cha pili, akachota uji, akala. Haukuwa na chumvi.

"Humu ndani mkubwa ni mimi," alisema. "Nimeshaanza. Sasa kula."

Mira aliinua kijiko. Alikula taratibu, akilia, na Tak alikaa naye hadi bakuli likaisha.